Mteja ametoka kwenye sanbedi ngozi inawaka, unafanyaje?

Hii nawaandikia ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye saluni za sanbedi, vile vitanda vya taa ambavyo wazungu wanalalia ngozi ipate rangi kama ya jua, huku Uingereza. Najua mpo, maana kazi ya risepshen na kufuta vitanda inapatikana haraka na wengi tunaanzia hapo. Unafundishwa kuuza dakika, kuuza losheni, kupiga dawa kioo cha kitanda, basi. Siku mteja anakupigia simu asubuhi analia kwamba mgongo umejaa malengelenge, hakuna aliyekuambia useme nini.

Kwa uzoefu wangu swali la kwanza ni dawa. Sio "una aleji?" maana watu wote wanajibu hapana, uliza "unameza dawa gani wiki hizi, hata ya chunusi, hata ya presha, hata ya mitishamba?" Kuna mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi alienda Zanzibar likizo, akarudi na rangi nzuri, akaja kuiendeleza kwenye sanbedi kwa dakika zilezile alizozoea. Kesho yake kifua na mikono vyekundu vimevimba, siku chache mbele hadi kucha zinamuuma. Kumbe alikuwa bado anameza doxycycline, dawa ya kuzuia malaria, na hiyo ukirudi safari unaendelea nayo wiki 4 nzima. Sisi tuliotoka huko malaria tunaijua, lakini wachache wanajua kwamba doxycycline inaifanya ngozi ishindwe kuvumilia mionzi ya jua na ya taa hizi, hasa ile aina inayoitwa UVA, na sanbedi ndo UVA kwa wingi. Hata kucha zinaweza kuachia kutoka kwenye nyama. Kwaiyo mteja akikwambia anaenda Mombasa au Serengeti, au katoka huko juzi, muulize dawa za malaria papo hapo. Na akisema anataka rangi ya kutangulizia ili asiungue Zanzibar mwambie ukweli, ile rangi inakinga kidogo mno, sawa na losheni yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 3 au 4 tu, anachohitaji ni losheni ya jua ya maana na kivuli.

Dawa nyingine za kuuliza ni hydrochlorothiazide ya presha, isotretinoin ya chunusi, amiodarone ya moyo, jeli ya ketoprofen ya kuchua misuli, na ile ya mitishamba inaitwa St John's wort. Akitaja mojawapo, usimuweke kitandani, hata kama kashalipia, mrudishie hela yake au mwambie akaongee na mfamasia kwanza. Meneja akinuna anune.

Sasa tuseme imeshatokea. Akiwa bado ndani na anasikia kuwashwa au kuungua, mashine izimwe hapo hapo, habari ya kumalizia dakika mbili haipo. Atoke, aipoze ngozi kwa maji ya baridi ya kawaida au kitambaa kilicholowa, sio barafu, na msimpake vaselini wala mafuta mazito juu ya ngozi ya moto. Malengelenge yasipasuliwe. Anywe maji. Halafu umwambie kitu ambacho wengi hawakijui: kuungua kwa mionzi hakuonekani kote saa ileile, kunapanda masaa yanayofuata na kilele chake ni masaa 12 hadi 24 baadaye, yaani anayetoka mwekundu kidogo saa kumi jioni, usiku anaweza kuwa hoi. Akipata malengelenge eneo kubwa, homa, kizunguzungu au kutapika apige 111, namba ya ushauri wa afya, na akivimba midomo au uso au kupumua kwa shida hiyo ni 999, namba ya dharura, usisubiri meneja arudi lanchi.

Macho nayo. Wapo wanaokataa miwani ya kinga wakiogopa alama nyeupe, eti watafumba tu. Kope haizuii mionzi, masaa kadhaa baadaye anasikia kama mchanga machoni na hawezi kuangalia taa. Huyo anahitaji kuonwa na mtaalamu wa macho siku hiyohiyo.

Si kila wekundu ni kuungua lakini. Kuna losheni za kuamsha damu, zile za kuwasha moto makusudi, zinamfanya mtu awe mwekundu kwa muda kisha inaisha, na mwenye ngozi laini zinamtesa kweli. Kuna vipele vya dawa ya kufutia kioo isipokauka vizuri, hivyo utaviona mahali alipolalia tu. Kuna mabaka ya pafyumu, au ya maji ya ndimu yaliyobaki mkononi, yanakuja na michirizi. Ndo maana namwangalia mteja wapi pameathirika kabla sijasema lolote. Na kwa wateja wa Kihindi au machotara usitafute wekundu, hauonekani vizuri, uliza joto na maumivu.

Tyubu zikibadilishwa punguza dakika za kila mtu, taa mpya zina nguvu kuliko zile zilizochoka. Mteja mpya apumzike angalau saa 48 kati ya mara ya kwanza na ya pili. Chini ya miaka 18 hapana, sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza. Yule mweupe sana anayeungua kila akitoka juani na hapati rangi kabisa, naye hapana.

Na mimi siwafichi wateja: shirika la WHO la utafiti wa saratani liliziweka sanbedi kundi la 1 mwaka 2009, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani, kundi moja na sigara, na Brazil wakazipiga marufuku mwaka huohuo. Anayeuliza namjibu hivyo na namwonyesha rangi ya kupuliza. Hiyo nayo ina vipele vyake, sanasana kwa sababu ya manukato na vihifadhi, kwaiyo mpake kidogo ndani ya kiwiko siku moja au mbili kabla, na wakati wa kupuliza afumbe macho na mdomo, avae vizibo vya pua.