Nani Atamnunulia Lejendari Wako Zamu? Niliyojifunza Katika Pambano la Wawili kwa Wawili

Katika Pokémon, mchezo wa video wa viumbe wanaopigana kwa zamu, kikosi changu cha kwanza cha malejendari, yaani viumbe wa nadra wenye nguvu kubwa, kilikuwa na Kyogre na Groudon pamoja, na sababu ya kuwachagua ilikuwa moja tu, kwamba sikuwa nimewahi kuongoza Pokémon wenye nguvu kama wao. Kyogre akiingia uwanjani huleta mvua, nayo mvua huzidisha mashambulizi ya maji mara 1.5 na kuyapunguza ya moto kwa nusu. Groudon huleta jua, ambalo hufanya kinyume chake. Kwa hiyo kila nilipomtoa mmoja na kumwingiza mwenzake, nilikuwa nikiibomoa mwenyewe kazi niliyoifanya zamu iliyotangulia. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye hucheza nami kila Jumapili alasiri nyuma ya duka letu hapa Busia, upande wa Uganda, alinitazama nikishindwa mara tatu mfululizo, kisha akasema kwa upole, "Kaka, mafahali wawili hawakai zizi moja."

Nimeitafakari sana kauli ile, na naona ilikuwa kweli kwangu lakini si kweli kwa kila mchezaji. Katika msimu wa 2016 walikuwapo wachezaji hodari waliowapanga Kyogre na Groudon katika kikosi kimoja wakafanikiwa, kwa sababu walijua ni wakati gani mvua ianze na ni wakati gani jua liichukue nafasi yake. Mimi nilikuwa na mafahali walewale, ila sikuwa nimejiuliza swali ambalo wao walianza nalo: lejendari huyu anahitaji zamu ngapi ili afanye kazi yake, na nani kikosini atamnunulia zamu hizo?

Kwa anayeanza, nieleze sheria kwa ufupi. Katika mashindano rasmi ya wawili kwa wawili, unakuja na Pokémon sita, mpinzani wako anawaona wote nawe unawaona wake, kisha kila mmoja anachagua wanne wa kuingia nao. Wote huhesabiwa kuwa wa kiwango cha 50, na hakuna wawili katika kikosi kimoja wanaoruhusiwa kushika kifaa kinachofanana. Malejendari wakubwa, ambao wengi wao ndio wanaopamba majalada ya michezo hiyo, huwekewa kikomo kinachobadilika: misimu ya 2010, 2016 na 2019 iliruhusu wawili, Kanuni G ya 2024 ikaruhusu mmoja, na Kanuni I ya 2025 ikawarudisha wawili. Tornadus, Landorus na Urshifu nao ni malejendari, lakini hawaingii katika kikomo hicho, na wachezaji wapya wengi hujinyima wasaidizi wazuri kwa kutolijua jambo hili. Majina ya mashambulizi nitayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana humo ndimo utakamoyakuta.

Sasa tuitazame hesabu ya Kyogre, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Shambulizi lake kuu, Water Spout, lina nguvu ya 150 akiwa na uhai kamili, na nguvu hiyo hushuka sambamba na uhai wake. Kwa kuwa linawapiga wapinzani wote wawili kwa pamoja, kila mmoja hupata asilimia 75 tu ya pigo, yaani 112.5, mvua inaizidisha hadi karibu 169, kabla hata hujaongeza faida anayoipata Kyogre kwa kuwa yeye mwenyewe ni wa aina ya maji. Mwache apigwe kwanza hadi abaki na nusu ya uhai, na ile 150 imekuwa 75, ambayo kwa hesabu ileile inakupa takriban 84. Katika hali hiyo Origin Pulse, yenye 110 isiyopungua, inakuwa chaguo bora hata kama inalenga kwa asilimia 85 tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kyogre anayepiga wa kwanza na Kyogre anayepiga wa pili ni kama Pokémon wawili tofauti. Na kasi yake ya msingi ni 90, ilhali Miraidon ana 135 na Calyrex wa Kivuli ana 150, kwa hiyo dhidi ya malejendari wa namna hiyo hatapiga wa kwanza kamwe usipomsaidia.

Msaada wake nilimpata kwa Tornadus. Uwezo wake, Prankster, humruhusu kutanguliza Tailwind kabla ya karibu kila kitu kingine uwanjani, nayo Tailwind huzidisha kasi ya upande wako mara mbili kwa zamu 4, ukihesabu na ile uliyoitumia. Tangu kizazi cha nane cha michezo hii, badiliko la kasi hufanya kazi papo hapo ndani ya zamu ileile, hivyo Tornadus akitangulia, Kyogre aliye kando yake anapiga akiwa tayari ana kasi maradufu na uhai wake haujaguswa. Hiyo ni zamu moja iliyonunuliwa kwa bei nafuu kabisa.

Lejendari wangu wa pili ni Calyrex wa Barafu, na huyu nilimchagua kwa sababu, si kwa mvuto. Shambulizi lake, Glacial Lance, huwapiga wapinzani wote wawili, lakini Pokémon wa aina ya moto hulistahimili, na Kyogre ndiye hasa anayewaondoa hao. Calyrex ana udhaifu kwa aina sita, moto ukiwa mmojawapo, na mvua ya Kyogre hukata mashambulizi ya moto nusu kabla hayajamfikia. Nikimpima mshirika wa lejendari yeyote siku hizi, natafuta uhusiano wa namna hii, ambapo kila mmoja anaziba tundu la mwenzake. Nguvu zao zikijumlishwa tu bila kuzibiana matundu, nitakuwa nimerudi kwa Groudon.

Ugumu ni kwamba Calyrex huyu ana kasi ya msingi ya 50. Yeye anaihitaji Trick Room, ambayo hugeuza mpangilio ili wa polepole watangulie, na hapa ndipo nilipopoteza mapambano mengi kuliko popote pengine. Maelezo husema Trick Room hudumu zamu 5, nami nikaamini kwamba nina zamu tano za kupiga. Ukweli ni kwamba zamu ya kuiweka nayo inahesabiwa, na huwekwa mwisho, baada ya wengine kumaliza, kwa hiyo umebakiwa na nne. Nilikuwa naiweka huku Calyrex akiwa bado benchi, na kumwingiza zamu ya pili. Mpinzani mwenye busara akitumia Protect, ambayo humkinga aliyeitumia kwa zamu hiyo, kisha akabadilisha Pokémon zamu inayofuata, unajikuta umepata pigo moja tu la maana katika zamu tano. Siku hizi huanza na Calyrex pamoja na Farigiraf, ambaye ndiye huiweka Trick Room, na ninapopanga mashambulizi, najihesabia mapigo mawili tu. La tatu likipatikana, ni heri.

Farigiraf anastahili maneno mengi kuliko nafasi niliyo nayo. Uwezo wake, Armor Tail, huzuia mashambulizi yote ya wapinzani yanayotanguliza kasi na kumlenga yeye au mwenzake, maana yake Fake Out, ambayo humkosesha aliyepigwa zamu yake, haiwezi kumkatiza asiweke Trick Room, na Taunt ya Prankster, ambayo humlazimisha mtu kushambulia tu, haimpati pia. Kabla yake nilimtumia Pokémon mwingine wa kuweka Trick Room, na kila mpinzani aliyekuwa na Incineroar, mwenye Fake Out, alijua la kufanya zamu ya kwanza. Tangu nimemweka Farigiraf, mpinzani anayetaka kuizuia Trick Room analazimika kumwangusha kabisa, na muda anaoutumia kumpiga yeye ni muda ambao Calyrex hapigwi. Naomba uzingatie kwamba katika kikosi changu Farigiraf huanguka katika mapambano mengi. Hilo silihesabu kuwa hasara, kwa kuwa kazi yake huwa imekwisha.

Incineroar ninaye pia, kama ilivyo kwa vikosi vingi. Akiingia tu, Intimidate hupunguza nguvu ya kushambulia kwa mwili ya wapinzani wote wawili hadi theluthi mbili, na Parting Shot humwezesha kutoka akiwa amemdhoofisha tena mmoja wao na kumpisha lejendari aingie bila kupigwa moja kwa moja. Mvua ya Kyogre huyadhoofisha mashambulizi yake ya moto, lakini sikumchukua kwa ajili ya moto. Amoonguss huvuta mashambulizi kwake kwa Rage Powder, na polepole yake inaendana na Trick Room. 

Kuna jambo moja ambalo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Malejendari wangu wote wawili hutegemea mashambulizi yanayowapiga wapinzani wawili kwa pamoja, na Wide Guard ya mpinzani huyazuia yote kwa upande wake mzima. Nilikutana nayo katika pambano ambalo nilikuwa nikiongoza wanne kwa wawili, na nilishindwa, kwa sababu Kyogre wangu alikuwa na Water Spout na Origin Pulse pekee, na Calyrex hakuwa na kitu cha kumlenga mmoja. Tangu siku hiyo Calyrex haachani na High Horsepower, na Kyogre haachani na Thunder, zinazomlenga mmoja tu, na hiyo Thunder mvua ikiwapo haikosi shabaha. Mashambulizi haya siyatumii mara nyingi, lakini kuwapo kwake humfanya mpinzani asijifiche nyuma ya Wide Guard kila zamu.

Mvua nayo haichagui paa. Urshifu wa maji wa mpinzani hunufaika na mvua yangu sawasawa na Kyogre, na uwezo wake unamruhusu kupenya hata Protect. Jambo hili linanileta kwenye uamuzi ambao naamini wachezaji wengi wa malejendari hukosea, yaani kuchagua wanne kati ya sita. Wazee wetu wanaocheza mweso, bao la hapa Uganda, wanalijua vizuri. Ubao una mashimo 32, kila mchezaji ana kete 32, na kabla kete yoyote haijatembea, kila mmoja huzipanga upande wake atakavyo. Nimemwona mzee mmoja akitumia muda mrefu zaidi katika kupanga kuliko katika mzunguko wake wa kwanza wote. Sisi tunapewa sekunde 90 tu za kuchagua, na wengi wetu tunazitumia kuthibitisha kwamba malejendari wote wawili wamo. Mimi sasa huanza na swali la zamu: katika kikosi kilicho mbele yangu, ni nani atakayemnyima Kyogre pigo la kwanza, na ni nani atakayemnyima Calyrex zile zamu mbili? Nikiona kwamba mmoja hatazipata, hubaki benchi, hata kama jina lake ni kubwa.

Maandalizi yangu mengi hufanyika bila kompyuta. Pokémon Showdown, tovuti ya kuchezea mapambano haya, hufunguka bure kwenye kivinjari, hata cha simu, na huhitaji kununua konsoli, lakini umeme na bando vina siku zake. Kwa hiyo nina daftari ambalo upande mmoja naandika zamu za kila pambano nililoshindwa, na upande wa pili naandika ni zamu ipi niliyoipoteza bure. Nilipozihesabu za miezi miwili, niligundua kwamba mapambano mengi yalipotea katika zamu ya kwanza au ya pili, kwa kumwingiza lejendari mahali ambapo hakuna aliyekuwa amemtayarishia njia. Kabla ya daftari hilo, nilikuwa nikilaumu bahati.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja na Urshifu wa maji, Incineroar, Amoonguss na Miraidon katika sita wake. Nilimwacha Kyogre benchi, nikaingia na Calyrex, Farigiraf, Incineroar na Amoonguss, nikaweka Trick Room zamu ya kwanza huku Calyrex akijikinga kwa Protect. Farigiraf alibaki na uhai kidogo, kisha Glacial Lance mbili zikamaliza pambano isipokuwa Incineroar wake. Aliniuliza kwa nini nimemwacha Kyogre, nami nikamwonyesha Urshifu kwenye skrini. Wiki hii najaribu kumpa Kyogre kifaa kiitwacho Choice Scarf, ambayo itamwongezea kasi mara 1.5 bila Tornadus, ila itamfunga kwenye shambulizi moja hadi atakapotoka uwanjani, na bado sijaamua kama ile nafasi ya Tornadus itakayokuwa wazi inatosha kulipia kukosa Protect.