Trela kubwa la kulala: pima kilo kabla ya kuhesabu vitanda

Maswali mengi safari hii yametoka kwa watu wenye trela dogo la kulala wanaotaka kuhamia kubwa. Zaidi ya nusu yanarudia jambo moja, kwa hiyo ninaanza nalo. Unayejiandaa kuliuliza tena, tafadhali lisome kwanza.

*Fundi, gari langu linaruhusiwa kuvuta kilo 3,500. Trela nililolipenda lina kilo 2,700. Nimebakiwa na kilo 800, sivyo?*

Hujabakiwa nazo. Hizo kilo 2,700 ni uzito wa trela tupu, na mara nyingi betri, gesi na maji havimo. Tafuta kibao cha kiwanda kilichobandikwa kwenye trela lenyewe, usome uzito wa juu unaoruhusiwa, halafu upige hesabu kana kwamba utaufikia. Lita 150 za maji ni kilo 150. Ongeza mitungi miwili ya gesi, betri, viti, meza, vyombo, matandiko, chakula na zana. Familia hupakia kilo 300 hadi 500 na hakuna anayeona kwamba mzigo ni mwingi. Tuseme basi trela lako barabarani lina kilo 3,200.

Sasa njoo kwenye kinachowaangusha watu. Kabla uwezo wa gari kuvuta haujaisha, uwezo wake wa kubeba unakuwa umeshaisha. Shingo ya trela inalalia mkia wa gari, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo uliopakiwa ndani ya gari. Kwa matrela makubwa ya mtindo wa Marekani, shingo hubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Asilimia 13 ya kilo 3,200 ni kilo 416. Chukua pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni kilo 3,100, na ambayo ikiwa na tangi la mafuta lililojaa bila mtu ndani ina kilo 2,400. Uwezo wake wa kubeba ni kilo 700. Toa 416, toa kama 40 za kiungo chenye fito za kusawazisha uzito, zinabaki 244. Baba na mama wakiingia zimebaki kama 94, na watoto, jenereta na kasha la barafu bado viko nje.

Kiungo cha nyuma ya gari nacho kina kikomo chake, kimeandikwa juu yake. Namba iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Magari mengi ya familia yanayouzwa Ulaya huruhusu kilo 75 hadi 100 tu za shingo, na karavani za huko hutengenezwa kwa uwiano mdogo kuendana nayo. Usichukue trela la mtindo mmoja ukalifunga kwenye gari la mtindo mwingine kwa kuwa tu tufe la kiungo limeingia.

Na muuzaji wa trela akikwambia "gari lako litavuta tu", mwambie akuoneshe hesabu hii kwenye karatasi, na uzito wa familia yako ukiwa ndani.

*Je, trela kubwa lazima liwe na breki zake?*

Lazima. Hili liliulizwa mara nne, na jibu halibadiliki kwa sababu gari ni jipya au dereva ni mzoefu.

*Ekseli moja au mbili?*

Ukivuka kilo 2,000 au hapo karibu, chukua mbili. Tairi likipasuka kwenye ekseli moja, upande mzima umeanguka. Kwenye mbili unabaki na tairi la kushikilia mpaka usogee pembeni. Gharama yake ni matairi manne badala ya mawili, breki na beringi mara mbili, na kona kali zinazoburuza matairi na kuyala. Ni gharama inayostahili. Ila ekseli mbili haziponyi trela lililopakiwa vibaya.

*Trela letu huanza kuyumba tukifika kilomita 90 kwa saa. Ninunue kifaa cha kuzuia kuyumba?*

Bado. Kifaa hicho kwenye trela lililopakiwa ovyo kinaficha ugonjwa mpaka siku ya upepo mkali. Pima shingo kwanza. Nenda kwenye mizani ya malori. Litenganishe trela na gari, lipime lote likiwa limesimama juu ya mizani, magurudumu na mguu wa mbele. Kisha lifunge kwenye gari bila fito, gari likae nje ya mizani na magurudumu ya trela yabaki juu. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito wa shingo. Ikiwa iko chini ya asilimia 10 kwa trela la aina niliyotaja, umeshampata mchawi.

Sababu ya kawaida ni baiskeli zilizotundikwa nyuma, au kabati la nyuma lililojazwa zana. Tangi la maji nalo huhusika: likiwa nyuma ya ekseli, kulijaza kunainua shingo. Sogeza vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, pima tena, kagua upepo wa matairi, kisha ndipo uzungumzie kifaa.

Likianza kuyumba ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, na ubonyeze breki za trela peke yake kwa mkono kwenye kidhibiti chake kilicho karibu na dereva. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Usijaribu kulifuata kwa usukani. Na achana na ushauri wa kuongeza mwendo ili "kulinyoosha", kwa sababu mwendo ndio unaolipa nguvu ya kukupindua.

*Trela lenye ubavu unaosukumwa nje kupanua chumba linafaa?*

Linafaa kwa anayekaa sehemu moja siku nyingi. Anayehama kila asubuhi atalichoka. Ubavu mkubwa huongeza mamia ya kilo, na uzito huo unaegemea upande mmoja. Ukienda kuliangalia, mwambie muuzaji aufunge ubavu, kisha uingie ndani. Je, choo unakifikia? Friji inafunguka? Kuna matrela ambayo ubavu ukiwa umefungwa huwezi hata kufika kitandani, na utaligundua hilo kwenye mvua ukiwa umesimama kando ya barabara.

Uliza pia unavyorudishwa kwa mkono umeme ukikata, na utake kuoneshwa. Kabla ya kuufunga, panda ufagie majani na maji juu yake, la sivyo unayavuta ndani ya nyumba.

*Nimepata lililotumika, safi kabisa, limepigwa rangi mpya ndani. Nikague nini?*

Hiyo rangi mpya ndiyo ikupe mashaka. Adui wa trela ni maji yanayoingia juu na kuozesha mbao ndani ya ukuta, na rangi huyaficha kwa miezi michache.

Anza juu ya paa. Pita na kidole kwenye sili zote za kuzunguka tundu za hewa, bomba, antena na kingo. Nyufa ndogo kama nywele zinapitisha maji. Ukiona silikoni ya kawaida imepakwa juu ya sili ya zamani, jua mtu alikuwa akipambana na uvujaji, na kazi itakuwa kuikwangua yote, kwani sili mpya haishiki juu ya silikoni. Shuka, simama kwenye kona ya nje, utazame ukuta kwa mshazari huku jua likiupiga ubavuni: faibaglasi iliyoachana na ubao hujionesha kwa mawimbi na mapovu.

Ndani, inua godoro la mbele, fungua makabati ya juu, ubonyeze kwa dole gumba kwenye kila kona na chini ya kila dirisha. Kanyaga kwa kisigino mbele ya mlango, kando ya choo na kwenye kona za ubavu unaotoka nje. Sakafu ikibonyea, ondoka. Ukiwa na kipima unyevu, chini ya asilimia 15 ni salama, zaidi ya 20 kuna tatizo.

Kisha jaza tangi, washa pampu, ufunge mabomba yote. Pampu inapaswa kunyamaza na kubaki kimya. Ikijiwasha kila baada ya dakika chache, kuna mahali panavuja. Friji ya gesi huchukua saa nyingi kupoa, kwa hiyo muuzaji aiwashe tangu jana yake. Akikataa, amekujibu.

*Trela linalolaza watu wanane linatutosha sisi watano?*

Wanane hao wamehesabiwa pamoja na meza ya kulia inayogeuzwa kitanda kila usiku. Hesabu vitanda visivyogeuzwa.

*Matairi yana kashata nzuri ingawa ni ya miaka minane. Nianze nayo safari?*

Hapana. Matairi ya trela huzeeka kabla ya kashata kuisha, kwa jua na kwa kusimama yamebeba mzigo. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Badilisha ikifika miaka mitano au sita. Angalia pia mwendo wa juu unaoruhusiwa, maana matairi mengi ya trela hayakutengenezwa kuzidi kilomita 105 kwa saa. Upepo jaza yakiwa baridi, kama kibao cha trela kinavyosema. Ukishafunga mapya, kaza nati kwa spana ya kupima nguvu, kisha uzirudie baada ya kilomita 15, 40 na 80, kwa sababu rimu hujikalisha na nati hulegea hapo mwanzoni.