Motorola RAZR V3 kama simu ya kila siku?

Ndugu, umeuliza kama RAZR V3 iliyotumika, ile simu ya kukunja ya Motorola, inakufaa kwa kupiga na kutuma meseji, maana umechoka na simujanja. Kwa umbo sibishani nawe: ilitoka 2004 ikiwa na unene wa milimita 13.9, na hata leo ukiifunga kwa ule mlio wake watu wanageuka. Ila kabla hujatoa hela, uliza kama mtandao wako bado una 2G, yaani teknolojia ya zamani ya mawasiliano ya simu. Simu hii haina 3G wala 4G, na nchi kadhaa zimeshazima 2G; huko itabaki pambo.

Ukiishika, ifungue na kuifunga polepole, tena na tena, huku ukitazama kioo. Kikipepesa au kuzima ikifika pembe fulani, waya bapa unaopita kwenye bawaba umechoka. Achana nayo. Batani ni bamba moja la chuma lisilo na miinuko, kwa hiyo mwanzoni utakosea sana. Kamera usiihesabu kabisa. WhatsApp hakuna, memori kadi haiingii, na earphone zinachomekwa palepale pa chaji. Mimi ningeichukua kama simu ya pili, tena kwa betri mpya.