Asilimia 98 ya watu gani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 54. Amekutwa na saratani ya titi hatua ya pili, amefanyiwa upasuaji na amepata dozi nne za kemo kati ya nane. Nywele zimeisha, kucha zimekuwa nyeusi, chakula hakipiti. Mjomba amesoma mtandaoni kwamba wagonjwa wa saratani ya titi hupimwa kwa "miaka mitano", akaelewa kuwa hata mama akimaliza dozi zote ana miaka mitano tu ya kuishi. Sasa ameleta unga wa majani ya mstafeli kutoka kwa mzee mmoja mwenye kipeperushi kinachosema asilimia 98 ya waliotumia wamepona. Anataka dozi zilizobaki zisimamishwe, mwili upumzike, unga ufanye kazi. Hiyo miaka mitano maana yake nini? Na kwa nini tuamini takwimu zenu tuache zake? (Binti wa mgonjwa, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole nyingi. Nianze na la haraka: dozi ya tano asiikose. Haya mengine yasomeni mkiwa mmekaa na mjomba.

Mimi si daktari wa wodini. Kazi yangu ni kuwafuatilia waliotibiwa saratani: nani yuko hai, nani imemrudia, nani amefariki na kwa nini. Hilo la miaka mitano naulizwa karibu kila wiki. Ukisoma kwamba wanawake 85 kati ya 100 "wanaishi miaka mitano", maana yake ni kwamba siku ya kuhesabu, miaka mitano tangu wagundulike, 85 walikuwa hai. Hakuna aliyesema wanakufa kesho yake. Kipindi hicho tulikichagua sisi watafiti ili hospitali na nchi ziweze kulinganishwa. Mama aliyefika hapo anaendelea kupika, kusali na kulea wajukuu, na wengi huendelea hivyo miaka ishirini na zaidi.

Namba zenyewe hubadilika sana kulingana na hatua ya ugonjwa. Marekani, mwanamke ambaye saratani yake bado iko ndani ya titi tu, nafasi yake ya kufika miaka mitano, akilinganishwa na mwanamke wa umri wake asiye na saratani, ni karibu asilimia 99. Ikiwa imefika kwenye tezi za kwapani, ni zaidi ya 85. Ikiwa imeshakwenda kwenye mifupa, ini au mapafu, ni kama 30 hivi. Mjomba atasema hiyo ni Marekani. Ni kweli. Kwetu Afrika utafiti wa saratani ya titi uitwao ABC-DO uliwafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia, wengi wao kwa kupigiwa simu. Matokeo yalitoka mwaka 2020: baada ya miaka mitatu, nusu tu walikuwa hai. Lakini huo ni wastani wa wote. Wanawake weupe wa Namibia, 90 kati ya 100 walikuwa hai. Wanawake wa Nigeria, 36. Ugonjwa ni uleule. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na waliofika wakiwa wamechelewa, na pia waliokosa tiba au hawakuipata kamili. Ndiyo maana namkatalia kabisa anayesema "wote waliokwenda hospitali walikufa, basi hospitali inaua". Wengi wao walifika uvimbe umeshapasuka na unatoa usaha, baada ya mwaka mzima wa kuzungushwa kwa waganga. Mama yako amefika hatua ya pili. Yeye si mmoja wa hao.

Sasa twende kwenye hiyo 98, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha.

Asilimia 98 ya watu gani? Walikuwa wangapi? Nani alithibitisha kwamba walikuwa na saratani, kwa kinyama kilichokatwa na kuangaliwa maabara, au kwa mtu kupapasa tu uvimbe? Waliofariki waliandikwa wapi? Ukihesabu abiria waliomo kwenye daladala kituo cha mwisho, utasema wote waliopanda walikuwa wanakwenda mwisho. Walioshuka njiani huwaoni. Muuza unga anawahesabu waliorudi kushukuru. Aliyezikwa harudi kushukuru, na ndugu zake hawarudi kulalamika, kwa sababu wanaona aibu au wanasema ni mapenzi ya Mungu.

Nikuoneshe sisi tunavyohesabu. Kwenye fomu ya kila mgonjwa kuna kisanduku kimoja kinachotutoa jasho: tarehe ya mara ya mwisho kujulikana yuko hai. Ili kukijaza tunapiga simu. Namba ya mgonjwa haipatikani, tunapiga ya mume, ya shemeji, ya mjumbe wa mtaa. Wakati mwingine anapokea mtoto, anasema "bibi yuko shamba", na tunafurahi siku nzima. Wakati mwingine simu inapokelewa kimya, halafu mtu anasema "alishatutoka, mwezi wa tatu". Tunaandika yote mawili. Tukimkosa kabisa hatuandiki kwamba amepona. Njia tunayotumia ilichapishwa mwaka 1958 na wanatakwimu wawili, Kaplan na Meier, na inatulazimisha tumhesabu hadi siku ile ya mwisho tuliyokuwa na habari zake, basi. Hatuna ruhusa ya kumgeuza aliyepotea kuwa ushahidi. Ndiyo maana namba zetu hazipendezi kama za kipeperushi.

Halafu sikilizeni vizuri shuhuda zenyewe. Karibu kila mara nikimhoji mtu "aliyepona kwa majani", inatokea kwamba alishafanyiwa upasuaji kwanza. Titi liliondolewa pamoja na uvimbe, kemo akapata, halafu akanywa unga, na sifa zote zikaenda kwa unga. Au hakuwahi kukatwa kinyama, kwa sababu aliambiwa kisu kikigusa saratani inasambaa. Huyo hatujui hata alikuwa na nini. Vivimbe vingi vya titi si saratani.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha kazi mbili ambazo ningependa mjomba azijue. Ya kwanza iliwaangalia Wamarekani 281 wenye saratani ambayo haijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake, ikawalinganisha na waliotibiwa hospitali. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya titi, zaidi ya mara tano. Ya pili ndiyo inayomhusu mama moja kwa moja. Iliwachukua waliochanganya, hospitali kidogo na mbadala kidogo. Nao walikufa mara mbili zaidi, na sababu ilionekana wazi: walikataa sehemu ya tiba. Ama upasuaji, ama kemo, ama mionzi, ama vidonge. Dozi waliyoiacha ndiyo iliyowagharimu. Ombi la mjomba, kwamba dozi nne zisimamishwe, ni hilohilo.

Huenda mjomba atasema pia kwamba unga ni wa asili na kemo ni sumu. Dozi nne za kwanza, kama ni mpangilio wa kawaida wa dozi nane, zilikuwa na ile dawa nyekundu inayogeuza hata mkojo rangi na kumaliza nywele. Nne zinazofuata mara nyingi ni paklitakseli, dawa iliyopatikana kwenye gome la mti wa pwani ya Pasifiki huko Marekani. Gome lilikusanywa mwaka 1962, na ruhusa ya kwanza ya kutibu watu ilitolewa mwaka 1992. Miaka thelathini ilitumika kujua ni kiasi gani kinaua saratani bila kumuua mtu. Kwa hiyo hatuna ugomvi na miti. Ugomvi wangu ni na mtu anayeuza kijiko kimoja kwa kila mtu, mwenye kilo 45 na mwenye kilo 90, bila kupima chochote. Majani ya mstafeli yameua seli za saratani kwenye vibakuli vya maabara. Hata maji ya chumvi kali yataziua humo. Ndani ya mwili wa binadamu hakuna ushahidi kwamba yanaponya, na mstafeli una kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu. Paklitakseli nayo huleta ganzi vidoleni, kwa hiyo msimwongezee mama mzigo wa pili juu ya huo.

Watanzania tulishapita hapa. Mwaka 2011 misururu ya magari ilikwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya "Babu" kwa shilingi 500. Magari ya wagonjwa yalionekana kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao za virusi vya UKIMWI, za kisukari na za saratani. Sasa foleni imehamia kwenye simu: video yenye muziki, namba ya WhatsApp, tuma nusu ya pesa kwanza. Mbinu ni ileile na anayelengwa ni yuleyule, mgonjwa wa katikati ya tiba, aliyechoka, ambaye ndugu zake wanamwonea huruma. Wauzaji wanajua kwamba mwezi wa tatu wa kemo ndipo familia inapovunjika moyo.

Kuna kishawishi kingine mbele. Kama kipimo cha uvimbe kilionesha una vipokezi vya homoni, yaani unakua kwa msaada wa homoni, mama atapewa kidonge cha kila siku, pengine tamoksifeni, kwa miaka mitano au zaidi. Atakuwa hana maumivu, nywele zimerudi, na watu watasema "umeshapona, za nini tena". Miaka mitano ya kidonge hicho hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wanawake wenye aina hiyo, na faida inaonekana hata mwaka wa 15. Ulizeni kipimo hicho kliniki ijayo, na majibu yake myatunze.

Mkiwa huko mwonesheni daktari pakiti ya unga, na kama mama ameshauonja mwambieni bila woga. Anahitaji kujua kabla ya kuangalia ini lake. Mwambieni pia kwamba chakula hakipiti, kwa sababu dawa za kichefuchefu zipo na zinaweza kubadilishwa. Na nunueni kipimajoto. Akiwa kwenye kemo, joto likifika nyuzi 38, hasa wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi, chembe zake nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zinaweza kuwa chini kabisa. Msichemshe majani na msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba yuko kwenye kemo.