Ng'ombe Anavuta Dhiki

Wiki iliyopita kijana mmoja wa seminari aliniandikia: "Kaka, Kilatini kinanishinda. Nakariri maneno hamsini usiku, asubuhi yote yameyeyuka. Wewe uliwezaje?"

Mdogo wangu, mimi nilianza kwa kuaibika.

Kidato cha pili, kwenye mtihani, tulipewa sentensi ya maneno matatu: bos tribulum trahit. Bos ni ng'ombe, trahit ni anavuta. Tribulum sikulijua, ila nilishaona tribulatio kwenye Biblia ya Kilatini, yaani dhiki. Basi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Ng'ombe anavuta dhiki." Mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima. Mpaka namaliza kidato cha nne jina langu lilikuwa Dhiki. Wapo wanaoniita hivyo hadi leo, na sicheki.

Miaka ya katikati tuiache. Siku moja, mtu mzima na familia yangu, nikalikuta lile neno. Tribulum ni ubao mzito wa kupuria nafaka, chini umepachikwa mawe makali au vyuma. Varro, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba juu yake hupanda mwendeshaji au huwekwa mzigo, wanyama waliofungwa nira wakaukokota mpaka punje zitoke kwenye masuke. Hispania wanauita trillo, na mafundi wa Cantalejo walikuwa bado wanauchonga karne ya 20. Kwetu mpunga tuliupiga kwa fimbo. Ubao wenye meno ningeuotea wapi?

Kumbe tribulatio ni la ukoo huohuo! Wakristo wa Kilatini walipotaka kutaja mateso, walitumia neno lililotoka uwanja wa kupuria: mtu amelala kama suke, ubao unapita juu yake. Kwa hiyo nyumba sikuikosea, nilimwita mtoto badala ya mzazi. Nilijipigia makofi peke yangu sebuleni.

Ushauri wangu ndio huo: usikariri neno, tafuta kitu chake. Kichore. Jua nani alikishika. Narudia, kitu kwanza. Vijana mnataka Cicero, yule msemaji mashuhuri wa Roma, kabla ya jembe, halafu mnalalamika kichwa kizito. Acheni haraka!

Na wewe mwalimu wangu, kama unapita hapa, shikamoo. Zile alama mbili bado nazidai.