Jina la Enzi za Kati kwa Mbwa Wako: Liazime kwa Mbwa Mwenzake, Usiliazime kwa Mfalme

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji wa Morogoro. Ana mtoto wa mbwa, dume wa wiki 9, kahawia, miguu mirefu, na anataka jina la enzi za kati, "lenye uzito, si Simba wala Popi tena". Orodha yake ameshaiandaa: Saladin, Mansa Musa, Sundiata, Charlemagne. Anaomba nimchagulie moja.

Nimemjibu ayafute yote manne. Sababu nazieleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa maswali ya aina hii hayaishi na kosa ni lilelile: mtu akitaka historia, anakimbilia wafalme.

Tuanze na Musa. Mansa Musa wa Mali, aliyekwenda hija mwaka 1324 na dhahabu iliyotikisa soko la Cairo, ana jina la mtume. Ukimpa mbwa jina hilo, kila jioni mtaa mzima utasikia "Musa, toka hapo!", na mzee Musa wa nyumba ya tatu atasikia pia. Utamweleza nini? Kwetu neno mbwa lenyewe ni tusi. Tena kumpa mbwa jina la kumsema jirani ni mchezo wa zamani, kwa hiyo watu wana mazoea ya kutafuta fumbo hata pale ambapo hukuweka fumbo. Saladin, yaani Salahuddin aliyeitwaa Yerusalemu mwaka 1187, ni shujaa wa Waislamu, na mtu hawezi kuvumilia jina lake likiitwa kwenye bakuli la makombo. Sundiata ni baba wa taifa kwa watu wa Mali. Charlemagne, mfalme wa kale wa Ulaya, hana wa kumlilia hapa kwetu, lakini jaribu kulipaza jina hilo uwanjani mara tatu mfululizo uone kama ulimi hautakukwama.

Watu wa enzi za kati wenyewe, kwa sehemu kubwa, hawakuita mbwa hivyo. Hili ndilo linalonisikitisha: majina halisi ya mbwa wa zama zile tunayo, yameandikwa kwa wino, na hakuna anayeyagusa. Kuna hati ya Kiingereza ya karne ya 15 yenye majina 1,065 ya mbwa, yamepangwa kwa aina ya kazi: mbwa wa kufuata harufu, mbwa wembamba wa mbio, na wale wadogo wa kuingia mashimoni. Humo wamo Nosewyse, mwenye pua yenye akili, Holdfast, mshika asiyeachia, Ryngwood, ambaye sauti yake inaujaza msitu, Amyable, mpole, Garlik, kitunguu saumu, na mmoja aliyeitwa Nameles, asiye na jina. Yanatokana na tabia, sauti na kazi, yaani kile mwenye mbwa alichokiona kwa macho yake. Hata walipopenda ukubwa walichukua cheo badala ya mtu. Kwenye orodha ya mbwa wapatao 80 waliopelekwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha Uswisi mwaka 1504, jina lililojirudia zaidi ni Fürst, yaani mtawala, na si jina la mtawala yeyote.

Njia ya kwanza, basi, ni kuchukua jina la mbwa aliyeandikwa. Wapo wengi, na kila mmoja ana kisa chake.

Ninayempenda kuliko wote ni Vígi, mbwa wa Olaf Tryggvason, mfalme wa Norway aliyetawala kuanzia mwaka 995 hadi 1000. Masimulizi ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, yanasema Olaf alimwona Ireland, siku watu wake walipoteka ng'ombe wa pwani. Mkulima mmoja aliomba arudishiwe wake, akaambiwa awachukue kama anaweza kuwatambua katika kundi lile kubwa. Akamtuma mbwa wake. Mbwa akazunguka kundi na kutoa ng'ombe wa bwana wake kwa idadi ileile, wote wana alama moja. Olaf akamwomba, akapewa, naye akamlipa mkulima pete ya dhahabu. Kwa mbwa wa kuchunga mifugo sioni jina linalolishinda hili.

Sámr alikuwa mbwa wa Gunnar wa Hlíðarendi huko Iceland, naye pia alitoka Ireland. Aliyempa alimsifu kwamba anamtambua rafiki na adui kama mtu. Maadui walipokuja usiku kumuua Gunnar, walianza na mbwa, na mlio wake wa mwisho ndio uliomwamsha bwana wake. Jina lina maana ya mweusi au mwenye rangi iliyokolea. Kuna Rubino wa Ludovico Gonzaga, mtawala wa Mantova huko Italia: mchoraji Mantegna alimchora amelala chini ya kiti cha bwana wake, ukutani ambako yuko mpaka leo. Kuna Cabal, mbwa wa Arthur, mfalme wa hadithi za Uingereza, anayetajwa katika maandishi ya Kilatini ya karne ya 9 kutoka Wales kwamba aliacha alama ya mguu kwenye jiwe. Kuna Bran, mbwa wa shujaa Fionn katika hadithi za Kiirish, na Talbot, Colle na Gerland wanaomkimbiza mbweha katika hadithi ya Chaucer, mshairi wa Kiingereza. Japani kuna Okinamaru, mbwa wa kasri la mfalme katika maandishi ya Sei Shonagon, mwanamke wa kasri hilo, yapata mwaka 1000. Alipigwa na kufukuzwa kwa kumkimbiza paka wa mfalme, akarudi amevimba uso hata hawakumtambua, na aliposikia jina lake likitajwa kwa huruma akatokwa machozi. Chukua kipande cha mwisho, Maru, kinatosha.

Guinefort nampa nafasi yake. Katika karne ya 13, karibu na Lyon, mtawa Étienne de Bourbon alikuta akina mama wanapeleka watoto wagonjwa kwenye kaburi la mtakatifu Guinefort. Alipouliza zaidi akaambiwa ni mbwa. Alimlinda mtoto mchanga dhidi ya nyoka, bwana wake akaona damu, akadhani mtoto ameliwa, akamuua. Étienne aliamuru mifupa ifukuliwe na miti ya mahali pale ikatwe na kuchomwa. Usimchanganye na Gelert wa Wales, ambaye kisa chake ni kama hichohicho. Gelert anauzwa kila mahali kama mbwa wa mtawala Llywelyn wa karne ya 13, lakini kaburi lake la Beddgelert lilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18, enzi wageni walipoanza kufika pale kutembea. Kama unataka jina la enzi za kati kwa kweli, Gelert si lenyewe.

Wapo pia watu waliojivunia kuitwa mbwa, na hapo ndipo pekee ninapokubali jina la mtu. Watawala wa Verona wa ukoo wa della Scala waliitwa Mastino na Cangrande, "mbwa mkubwa", na Cangrande wa kwanza, aliyefariki mwaka 1329, ndiye aliyemhifadhi mshairi Dante uhamishoni. Genghis Khan alikuwa na majemadari wanne walioitwa mbwa wake: Jebe, Jelme, Khubilai na Subutai. Jebe ni jina zuri sana kwa mbwa mwepesi.

Sasa tuje kwenye mdomo, maana hapa ndipo majina mazuri yanapofia. Kiswahili hakipendi konsonanti mwishoni, na mkazo wake unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jina la kigeni litapewa irabu, utake usitake, kwa hiyo lipe wewe mwenyewe kabla mtaa haujalipa. Bran atakuwa Brani. Cabal atakuwa Kabali. Talbot atakuwa Taliboti, silabi nne, ndefu mno. Mkate uwe Tali. Sámr atakuwa Samri, na nyumba yenye watu wasiotenganisha r na l itamwita Samli kabla wiki haijaisha. Kama hutaki mbwa wa siagi, mwache. Richard wa pili wa Uingereza alikuwa na mbwa aitwaye Mathe, aliyemwacha mwaka 1399 akamwendea mpinzani wake Henry. Kisa kizuri, lakini Nairobi na hata Dar vijana wakisema mathe wanamaanisha mama mzazi. Limekwisha hilo.

Pima na amri unazotumia. Kwa mbali, upepo ukivuma, konsonanti ya katikati hupotea na mbwa anabaki na irabu tu. Rubino ni salama, lakini ukimkatisha kuwa Rubi umemwita "rudi". Kila ukitaja jina atadhani anaitwa aje, na ukisema rudi hatajua kama ni jina au ni kazi. Mkatishe kwa nyuma, awe Bino. Andika kwenye karatasi amri zote za nyumbani, kaa, njoo, lala, rudi, toka, acha, na majina ya watoto wote wa nyumba, kisha lisome jina jipya katikati yao kwa sauti. Likigongana na lolote kwa irabu zote mbili, tafuta jingine.

Hatari kubwa zaidi ni kutafsiri. Wazo la kumpa mbwa maana ya jina badala ya jina lenyewe nalipenda, ila Holdfast kwa Kiswahili ni Shika, na shika ndiyo amri ambayo watu wanamrushia mbwa akamate mwizi. Fikiria mgeni anaingia getini na mtoto anamwita mbwa kwa upendo: "Shika! Shika!" Mbwa aliyefundishwa ulinzi na jirani kisha akaja kwako atafanya alichofundishwa. Kamata ni hivyohivyo. Garlik naye akitafsiriwa anakuwa Saumu, neno la mfungo, na Mwanasaumu ni jina la mwanamke wa heshima. Zinazotafsirika vizuri ni Ryngwood, awe Vuma, jina fupi na lenye irabu mbili tofauti, na Nosewyse, awe Pua tu, kama ana pua kweli.

Wanaotaka enzi za kati za kwetu wachukue mahali au kitu. Kilwa ilikuwa mji mkubwa Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, na jumba la Husuni Kubwa ni la karne hiyohiyo. Husuni lina maana nzuri ya ngome, lakini h yake hufa njiani na mbali husikika "usuni". Sofala, bandari ya dhahabu, linabeba vizuri kwa sababu ya s na irabu ya a inayorefuka. Shanga, mji wa kale wa kisiwa cha Pate, linamfaa jike. Mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila misumari, ni jina ninalolipenda kwa mbwa anayependa maji. Manda, mji mwingine wa kale wa pwani, ungelipenda pia, ila Wamanda ni kabila la kando ya Ziwa Nyasa, na mbwa hapewi jina la kabila.

Kitmiri naulizwa sana. Qurani, katika Suratul Kahf, inamtaja mbwa wa watu wa pangoni aliyenyoosha miguu yake kizingitini, bila kumtaja jina; jina Kitmiri limetoka kwa wafasiri. Ni jina la mbwa tangu mwanzo, kwa hiyo halimdhalilishi mtu. Lakini linagusa dini, na nyumba yenye wazee wa Kiislamu waulizwe kwanza. Wakisita, acha bila ubishi.

Jina likishapatikana, lifundishe hivi. Kata nyama iliyochemshwa vipande 10 vya ukubwa wa punje ya mahindi. Ngoja mbwa aangalie pembeni, taja jina mara moja kwa sauti ya kawaida, na akigeuza kichwa tu mpe kipande ndani ya sekunde 1 au 2. Ukichelewa, atadhani amelipwa kwa kukaa au kwa kuruka. Asipogeuka usirudie jina. Toa mlio kwa midomo, akigeuka anza upya. Dakika 3 zinatosha, mara 3 kwa siku. Usilitaje kabisa unapomkemea, sema "acha" peke yake, la sivyo jina litakuwa onyo na ataanza kukukimbia. Mbwa mkubwa mwenye jina la zamani mwite jipya kwanza kisha la zamani papo hapo, "Vigi, Popi", siku 10 hivi, halafu uangushe la pili.

Na nyumba nzima iseme jina moja. Gaston Phébus, mtawala wa Foix huko Ufaransa, katika kitabu chake cha uwindaji alichokianza mwaka 1387, anataka mtoto wa banda la mbwa apewe majina na rangi za mbwa wote kwa maandishi, ayajue kabla ya kazi nyingine yoyote. Bandika jina jikoni. Mtoto akisema Vigi, dada akasema Viji na mlinzi akasema Figi, mbwa ana majina matatu na hatashika hata moja.

Kwa huyu wa Morogoro nimependekeza Vigi, na Jebe kama atakuwa mwepesi zaidi ya nilivyomwona pichani. Alipaze kila moja jioni tatu, mtu mwingine akiwa hatua 30 mbele yake aseme amesikia nini. Chanjo ya kichaa cha mbwa ikifika, karibu na wiki ya 12, aliandikishe kwenye kadi kama linavyotamkwa, Vigi, bila alama ya Kinorse juu ya i, ili mwakani wakilitafuta daftarini walione.