Kama Bolt alikula, nitamkatazaje mwanangu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili hapa Babati, anakimbia mita 1,500. Tangu aachiwe simu na kaka yake, chakula cha nyumbani hakimpendezi tena. Kila jioni anataka chipsi kuku na soda. Nikimsema, ananionyesha habari kwamba Usain Bolt, yule mkimbiaji wa Jamaika, alishinda Olimpiki huku akila kuku wa McDonald's, migahawa ya Kimarekani ya vyakula vya haraka, na kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikidhamini Olimpiki. Ananiambia, "Mama, kingekuwa chakula kibaya wangewaruhusu?" Nakosa la kumjibu.

La pili, mimi ni mjumbe wa kamati ya wazazi shuleni kwao. Mwenye banda moja la chipsi hapa mjini amejitolea kuinunulia timu jezi, mradi jina la banda lake liandikwe kifuani. Wazazi wenzangu wamefurahi, mimi moyo unasita. Tukubali?

Mama wa mkimbiaji, Babati

JIBU

Marahaba, mama. Nianze na Bolt, kwa sababu hapo mwanao hajakudanganya.

Bolt mwenyewe ameeleza kwamba kule Beijing mwaka 2008 alikuwa akila vile vipande vidogo vya kuku wa McDonald's, kama 100 kwa siku, kwa muda wa siku kumi hivi. Chakula cha kule hakukizoea, akaona heri ale kitu anachokijua. Kampuni ilikuwa na mgahawa ndani ya kijiji cha wanamichezo, na mwanamichezo halipi kitu. Akatoka hapo akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.69, rekodi ya dunia. Usimbishie mtoto juu ya hilo. Ukibisha jambo la kweli, hatakusikiliza kwa mengine.

Ila muulize: Bolt alikuwa na umri gani aliposhinda mita 200 katika ubingwa wa dunia wa vijana? Alikuwa na miaka 15, kama yeye. Ilikuwa Kingston, nyumbani kwao Jamaika, mwaka 2002, miaka sita kabla ya kuku wa Beijing. Na baba yake alipoulizwa siri ya kasi ya mwanawe, alitaja viazi vikuu vya Trelawny, jimbo alikokulia. Mimi sisemi viazi vikuu ndivyo vinavyomtengeneza bingwa. Nimefundisha riadha ya shule miaka 27 na sijaona chakula kimoja kilichofanya kazi hiyo. Nilichoona ni usingizi wa kutosha, ugali, maharage, maziwa, mboga za majani, na mtoto anayeamka kabla jua halijachomoza bila kusukumwa. Siku kumi za kuku haziwezi kuharibu kilichojengwa kwa miaka sita. Mwanao hayuko kwenye zile siku kumi, yuko kwenye miaka sita. Mwambie hivyo hivyo.

Sasa hili la "wangewaruhusu?" ndilo linaloniuma, maana watu wazima wengi nao huamini hivyo. Mtu anaona nembo ya kampuni karibu na zile pete tano, anadhani madaktari wa Olimpiki walikaa, wakaonja, wakapitisha. Hakuna kitu kama hicho. Nafasi ile inanunuliwa kwa mkataba, na anayeinunua anapewa haki za biashara, basi.

Chukua London mwaka 2012. McDonald's walijenga mgahawa wa ghorofa mbili ndani ya bustani ya Olimpiki, wenye viti 1,500, ambao wakati huo ulitajwa kuwa mkubwa kuliko migahawa yao yote duniani, na michezo ilipokwisha ukabomolewa. Lakini jambo ninalowasimulia wanafunzi wangu ni la chipsi. Kwa sababu ya mkataba ule, wauza chakula wengine kwenye viwanja vya michezo walikatazwa kuuza chipsi, isipokuwa zikiwa na samaki, kwa kuwa samaki na chipsi ni chakula cha asili cha Waingereza. Wafanyakazi waliokuwa wakiandaa sherehe za ufunguzi wakafika kwenye kantini yao wakakuta tangazo kwamba chipsi peke yake hazitolewi, wakalalamika mpaka wakalegezewa. Sheria ile haikutaja afya ya mtu yeyote. Ilihusu nani ana haki ya kumuuzia nani kiazi cha kukaanga. Na madaktari walisema: muungano wa vyuo vya madaktari wa Uingereza ulilalamika waziwazi kabla ya michezo, na baraza la jiji la London likapitisha hoja ya kutaka kampuni za aina hiyo zisiwe wadhamini. Mkataba ukabaki palepale.

Sitaki kumdhulumu mtu. Fedha hizo zimefanya kazi inayoonekana kwa macho. Bwawa la kuogelea la Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 lilijengwa kwa fedha za McDonald's. Lakini mtu akisema bila wadhamini wa chakula kama hao michezo itakufa, hapo nakataa. Katika mzunguko wa 2017 hadi 2021, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipata dola bilioni 7.6. Asilimia 61 zilitoka kwenye haki za kurusha matangazo, na kama asilimia 30 kwa wadhamini wakuu wote kwa pamoja, wakiwamo wa saa, kadi za malipo na magari. McDonald's na Kamati hiyo walikubaliana kuvunja mkataba Juni 2017, miaka mitatu kabla ya muda, baada ya udhamini wa zaidi ya miaka 40. Olimpiki ya Tokyo ikafanyika bila wao. Coca-Cola, waliokuwepo tangu Amsterdam mwaka 1928, wamebaki, na mkataba wao unafika 2032.

Basi walikuwa wananunua nini? Jibu liko nyumbani kwako, mama. McDonald's haina mgahawa hata mmoja Tanzania, na bado mtoto wa Babati anaijua, anaitetea mbele ya mama yake, na jioni anakwenda kutafuta kinachofanana nayo kwenye banda la jirani. Kwenye Kombe la Dunia, ambako wamedhamini tangu 1994, walianzisha mpango wa watoto kuingia uwanjani wameshikana mikono na wachezaji, kuanzia michuano ya Korea na Japani mwaka 2002. Ni picha nzuri, hata mimi inanigusa. Lakini angalia ni mikono ya nani waliyoichagua.

Sasa jezi. Hapa nakusimulia yaliyonipata.

Miaka ya nyuma nilipeleka timu kwenye mashindano ya shule. Kampuni moja ya soda ndiyo iliyokuwa mdhamini. Mabango mpaka kwenye mti wa kuanzia, soda zimepangwa kreti juu ya kreti. Saa sita mchana, jua la Oktoba, maji ya kunywa yakaisha. Nikaenda kwa waandaaji kuomba maji, nikaambiwa vinywaji viko pale, chukua. Nilikuwa na msichana wa mita 3,000, mtoto mwenye pafu la ajabu. Alikuwa na kiu, akanywa chupa mbili, moja baada ya nyingine, nusu saa kabla ya kukimbia. Nusu lita ya soda ya kola ina sukari kama gramu 50, vijiko vya chai kumi na viwili, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingekuwa vyema mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku nzima. Mzunguko wa tano akashika tumbo, akatoka nje ya mstari, akatapika kwenye nyasi mbele ya bango. Alilia kwa aibu. Mimi nilikuwa mwalimu wake, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mdhamini yule anafaa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: jina la banda la chipsi lisikae kifuani mwa mtoto. Mtoto hajaulizwa na hajalipwa, na jezi ile ataivaa darasani, sokoni na kanisani. Lakini msimfukuze yule bwana, ni jirani yenu na amekuja kwa heri. Mwombeni aweke bango pembeni mwa uwanja siku ya mashindano, na shule imshukuru hadharani. Asigawe soda wala chipsi uwanjani siku hiyo. Badala yake, sehemu ya mchango wake inunue mapipa mawili ya maji yenye bomba. Yaandikeni hayo kwenye karatasi, mwalimu mkuu aweke saini. Akikataa, changeni. Sisi tulichanga mwaka uliofuata, wazazi wengine wakaleta mahindi yakauzwa, tukapata jezi za kijani zisizo na neno lolote ila jina la shule.

Na huyo kijana wako usimnyime chipsi kabisa, ataenda kuzila kwa siri. Jumamosi baada ya mazoezi marefu ale, na anywe maji. Siku nyingine ale kile mnachokula wote. Mpeleke Mbulu siku moja, si mbali na kwenu, umweleze kwamba huko ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 na goti lililofungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi.

Hukuniandikia muda wake wa mita 1,500. Mpime Jumamosi hii asubuhi, kabla hajala, na uniletee.